Nani Aliulizwa? Hudson Yards, Vessel na Malalamiko ya Watu wa New York

Oktoba 21, 2024, mnara wa ngazi unaoitwa Vessel ulifunguliwa tena upande wa magharibi wa Manhattan, baada ya kufungwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Waliopanda siku hiyo walikuta wavu wa chuma umefungwa kutoka chini hadi juu katika ngazi za juu, na kileleni hakufikiki kabisa. Maoni yakamiminika upya, ya zamani yakichanganyika na mapya. Wengine walisema umbo lenyewe halivutii, wengine kwamba mtaa mzima unaouzunguka, Hudson Yards, umejengewa matajiri kwa fedha za walipa kodi. Kuna waliosema wavu umeharibu kazi ya sanaa, na waliosema wavu huo ulipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza.

Ukiyasikia yote kwa mkupuo unaweza kudhani watu wa New York hupinga kila jengo linaloota. Sivyo ilivyo. Ndani ya kelele hizo mna malalamiko kadhaa tofauti, na kila moja lina mahali pake pa kupelekwa. La msingi ni kujua ardhi ni ya nani, nani amelipa, na kama kuna hatua ya kisheria inayomlazimu mwenye mradi kuomba ruhusa. Penye hatua hiyo, wananchi huweza kubadilisha michoro kabla nguzo haijasimama. Pasipo nayo, husubiri mpaka itokee kesi au msiba. Hudson Yards imeonyesha hali zote mbili katika eneo moja la ekari 28, yaani takriban hekta 11.

Mtaa uliojengwa juu ya treni

Kabla ya minara, hapa palikuwa yadi ya treni za Long Island Rail Road. Yadi hiyo bado ipo, na treni zake huegeshwa chini ya miguu ya watu wanaonunua mikoba ya bei mbaya. Ardhi ni mali ya MTA, mamlaka ya usafiri ya jimbo. Kampuni ya Related, ikishirikiana na Oxford Properties, imeikodi kwa mkataba wa miaka 99.

Kujenga juu ya reli zinazotumika ni kazi ya pekee, na gharama yake ndiyo chanzo cha mengi yaliyofuata. Upande wa mashariki una njia 30 za reli. Nguzo haikuweza kusimama popote pale mhandisi alipopenda. Ilibidi ipenye katikati ya njia mbili bila kugusa treni, nyaya wala mifereji. Wajenzi walichimba mashimo ya nguzo 300 hivi hadi kufikia mwamba, wakiyajaza chuma na zege, huku reli chache tu zikifungwa kwa wakati mmoja ili abiria wa asubuhi wasikwame. Juu yake wakaweka jukwaa lenye tani zipatazo 25,000 za chuma. Hapo ndipo bustani ilipopandwa miti 225 na mimea 28,000.

Bustani hiyo nayo ina tatizo ambalo mpita njia halioni. Treni zilizoegeshwa hutoa joto, na chini ya jukwaa hewa inaweza kufika nyuzi 65 za Selsiasi. Mizizi ya mti ingechemka. Kwa hiyo feni zenye nguvu, za aina inayofanana na injini za ndege, husukuma hewa moto itoke, na ndani ya tabaka la zege lililo chini ya udongo mna mabomba yanayozungusha kimiminika baridi. Maji ya mvua hukusanywa katika tangi la galoni 60,000, takriban lita 227,000, kwa sababu mti uliopandwa juu ya sahani ya zege hauwezi kushusha mizizi kutafuta maji.

Kazi hii inastahili sifa, na wakosoaji wengi wa mtaa huo hawaitaji. Lakini gharama ya jukwaa ilibidi irudishwe na kitu. Kilichoirudisha ni minara mirefu sana, ofisi za kampuni kubwa, fleti za mamilioni ya dola na jengo la maduka ya anasa. Jengo refu kuliko yote pale, 30 Hudson Yards, lina mita 387. Anayelalamika kwamba mtaa ni wa bei mbaya na hauna duka la kawaida la kona analalamikia matokeo ya hesabu iliyofungwa miaka mingi kabla ya sherehe ya ufunguzi.

Fedha: hasira iliyokuja na tarehe yake

Hesabu hiyo ilianza Januari 2005. Utawala wa Meya Michael Bloomberg ulikuwa unataka Olimpiki ya 2012, na uwanja mkubwa wa michezo ungejengwa juu ya sehemu ya magharibi ya yadi. Baraza la Jiji lilipitisha mpango mpya wa matumizi ya ardhi ulioruhusu majengo marefu sana kuzunguka eneo hilo. Miezi michache baadaye bodi ya jimbo ikakataa uwanja, London ikapewa Olimpiki, lakini ruhusa ya minara ikabaki.

Eneo halikuwa na treni ya chini ya ardhi, na bila treni hakuna kampuni kubwa ingehamia. Jiji likaunda shirika maalumu lililouza hatifungani za dola bilioni 3, bilioni 2 mwaka 2006 na bilioni 1 mwaka 2011, kugharamia miundombinu. Njia namba 7 ya treni hiyo ikarefushwa kwa dola bilioni 2.4 na kufunguliwa Septemba 13, 2015, ikiwa na kituo kimoja kipya. Kituo cha pili kilichokuwa kimepangwa katika barabara ya 10 kilifutwa kwa kukosa fedha, na wakazi wa upande huo hawajasahau.

Mantiki yake ni hii: majengo mapya yatalipa malipo badala ya kodi ya majengo, na malipo hayo ndiyo yatakayolipa hatifungani. Wenye majengo walipewa punguzo ili waje. Ujenzi ulipochelewa baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, makusanyo hayakutosha, na jiji likalazimika kuongezea fedha za riba kutoka bajeti yake. Watafiti wa chuo cha The New School walipojumlisha treni, bustani, riba na punguzo za kodi, walipata karibu dola bilioni 6 za msaada wa umma.

Tarehe ndiyo iliyofanya takwimu hiyo iwake moto. Februari 2019 Amazon ilikuwa imeachana na mpango wa kujenga makao Queens, baada ya wananchi kupinga msamaha na ruzuku za takriban dola bilioni 3. Hudson Yards ikafungua milango yake Machi 15, 2019, mwezi mmoja tu baadaye. Watu waliokuwa wamejifunza kusoma hesabu za ruzuku kwa ajili ya Amazon wakazigeuzia Hudson Yards, wakakuta ni mara mbili.

Mwezi uliofuata likaibuka la viza. Marekani ina mpango unaoitwa EB-5, ambapo mgeni akiwekeza na kuzalisha ajira hupata njia ya ukaazi. Wakati huo kiwango kilikuwa dola milioni 1, au 500,000 kama mradi uko katika eneo lenye ukosefu mkubwa wa ajira. Mradi wa Hudson Yards ulichangisha angalau dola bilioni 1.2 kwa njia hii. Ili ustahili kiwango cha chini, ramani ya "eneo lenye uhitaji" ilichorwa ikiunganisha vipande vya mitaa kutoka Manhattan ya magharibi hadi Harlem, penye nyumba za umma. Sheria iliruhusu. Hata hivyo, kutumia umaskini wa Harlem kama hati ya kupunguzia bei ya kuingia katika mtaa wa matajiri ni jambo ambalo lina haki kabisa ya kuwaudhi watu wa Harlem.

Uwanja wa umma usio wa serikali

Malalamiko ya pili yanahusu ardhi iliyo katikati ya minara. Mgeni huiona ni uwanja wa jiji. Ana haki ya kuingia, lakini walinzi ni wa kampuni na masharti ni ya kampuni.

Utaratibu wa namna hii una historia ndefu. Mwaka 1958 jengo la Seagram lilikamilika katika Park Avenue likiwa limerudi nyuma na kuacha uwanja wazi mbele yake. Wapangaji wa jiji waliupenda uwanja huo. Katika kanuni za 1961 wakaweka zawadi: mwenye jengo akiacha uwanja wazi, aliruhusiwa kuongeza eneo la sakafu juu, hadi futi 10 za mraba kwa kila futi moja ya uwanja katika maeneo yenye majengo mengi zaidi. Zawadi ilikuwa nono, viwanja vikazaliwa kwa wingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulihesabu viwanja na kumbi 503 za aina hii katika majengo 320, na asilimia 41 kati yake zilionekana hazina faida kubwa kwa umma: hazina pa kukaa, hazina jua, au zimezungushiwa uzio.

Hudson Yards ina kanuni zake zinazodai eneo la wazi, lakini roho ni ileile. Jiji linapata nafasi bila kuitunza, mwenye mradi anapata sakafu, na mwananchi anapata haki ya kupita yenye mipaka asiyoijua mpaka aigonge. Atakayetaka kuijua mapema aanze na kibao kinachopaswa kubandikwa mahali hapo, chenye saa za kufunguliwa na jina la anayehusika. Kibao kisipoonekana, idara ya mipango ya jiji ina orodha yenye ramani. Kati ya hayo, saa za kufunguliwa ndizo za kuangalia kwanza. Nyakati za usiku ndipo mabishano mengi hutokea, kama ilivyodhihirika Zuccotti Park mwaka 2011. Bustani ile ya binafsi ilitakiwa kuwa wazi saa 24, na waandamanaji wa Occupy Wall Street wakaitumia hivyo kwa majuma kadhaa.

Sanaa mbili, milango miwili

Linganisha na kisa cha zamani, maili chache kusini. Mwaka 1981 serikali kuu ya Marekani iliweka mbele ya majengo yake ya ofisi, katika uwanja wa Federal Plaza, kazi ya Richard Serra iliyoitwa Tilted Arc. Ilikuwa ukuta wa chuma kinachoota kutu kwa makusudi, wenye urefu wa mita 36.6, kimo cha mita 3.7 na unene usiofika sentimita 7, umejipinda na kuinama kidogo. Uligharimu dola 175,000. Uliukata uwanja katikati. Mfanyakazi aliyezoea kuvuka moja kwa moja kutoka barabarani hadi mlangoni sasa alilazimika kuuzunguka, na hilo ndilo Serra alilolitaka: mwili wa mpita njia utambue nafasi.

Wafanyakazi walikusanya saini. Machi 1985 kukafanyika usikilizaji wa hadhara wa siku tatu. Watu 180 walisema. 122 walitaka kazi ibaki, 58 iondolewe. Jopo la watu watano likapiga kura nne kwa moja iondolewe. Serra alikwenda mahakamani akashindwa, na usiku wa Machi 15, 1989 ukuta ukakatwa vipande na kupelekwa ghalani. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda haki za wasanii dhidi ya kuharibiwa kwa kazi zao.

Wapenzi wa sanaa hukumbuka kisa hiki kama aibu, na kwa upande wa hesabu ya waliozungumza wana hoja nzito. Lakini kitu kimoja kilikuwapo ambacho Hudson Yards hakikuwapo: chumba chenye maikrofoni. Kwa sababu uwanja ulikuwa wa serikali na fedha zilikuwa za umma, kulikuwa na ofisi iliyolazimika kukaa na kusikiliza.

Vessel ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Stephen Ross, wakati huo mwenyekiti wa Related, alitaka kitu katikati ya uwanja ambacho watu wangekikimbilia kila siku ya mwaka. Aliwaendea wasanii kadhaa, kisha akamchagua Thomas Heatherwick, mbunifu Mwingereza. Huyu ndiye aliyegeuza ghala la nafaka la bandari ya Cape Town kuwa jumba la makumbusho ya sanaa za Afrika la Zeitz MOCAA, kwa kuchonga ukumbi ndani ya mirija ya zege ya ghala lenyewe. Fedha za Vessel zilikuwa za kampuni. Mchoro ulionyeshwa kwa umma Septemba 2016, uamuzi ukiwa umekwisha kufanywa. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 75. Baadaye zikaripotiwa milioni 150 hadi 200.

Kilichojengwa ni kikapu cha ngazi kisicho na paa, msukumo wake ukiwa visima vya ngazi vya India: mikondo 154 ya ngazi, vidato karibu 2,500, vibaraza 80 vya kupumzikia, kimo cha mita 46. Chini ni chembamba, upana wa mita 15 hivi, na juu kinatanuka hadi mita 46. Vipande vya chuma vilitengenezwa Monfalcone, Italia, na kuvushwa Atlantiki kwa meli. Watu wakakiita shawarma, mzinga wa nyuki, pipa la taka. Majina haya yalisambaa sana, lakini katika malalamiko yote ndiyo mepesi zaidi. Sura huzoeleka. Sanamu ya Picasso ya mita 15 iliyozinduliwa Chicago Agosti 1967 ilizomewa, na leo watoto huteleza kwenye msingi wake na jiji linajivunia nayo.

Mambo yasiyozoeleka ni ya aina nyingine, na yote matatu yaliyoikuta Vessel yalikuwa ya namna hiyo.

La kwanza lilikuja siku zilezile za ufunguzi. Masharti ya tiketi yaliipa kampuni haki pana ya kutumia picha ambazo wageni wangejipiga pale, bila malipo. Habari ziliposambaa masharti yakarekebishwa ndani ya siku chache. Hili lilikuwa rahisi, kwa sababu kurekebisha maandishi hakuhitaji chuma.

La pili lilikuwa ngazi zenyewe. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya 1990 inadai mahali palipofunguliwa kwa umma pafikike, na hapa palikuwa na lifti moja iliyofika kwenye vibaraza vichache kati ya 80. Mtu wa kiti cha magurudumu angeweza kufika juu sehemu moja, akatazama upande mmoja, akashuka. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali kuu wa wilaya ya kusini ya New York ikaingilia, na Desemba 2019 kampuni ikakubali kuongeza mtambo wa kumwezesha mtu huyo kuzunguka sehemu ya juu. Kasoro hii ilionekana tangu mchoro wa kwanza. Kazi ya sanaa ambayo maana yake yote ni kupanda ngazi ingepaswa kuulizwa, kabla ya chuma kukatwa, asiyeweza kupanda atafanya nini.

La tatu ndilo zito. Kati ya Februari 2020 na Julai 2021 watu wanne walijiua pale, wote vijana. Mwandishi mmoja wa jarida la usanifu majengo alikuwa ameonya juu ya hatari hiyo mwaka 2016, mwaka uleule mchoro ulipotoka. Mnara ulifungwa Januari 2021 baada ya kifo cha tatu. Bodi ya jamii, yaani baraza la ushauri la eneo hilo, ilitaka vizuizi viinuliwe. Mei 2021 ukafunguliwa ukiwa na tiketi ya dola 10, walinzi zaidi na amri kwamba hakuna anayeingia peke yake, lakini vizuizi vikabaki vilevile. Miezi miwili baadaye kikatokea kifo cha nne, na ukafungwa tena.

Kwa nini hatua za Mei hazikutosha? Kanuni za ujenzi za New York hudai kizuizi cha pembeni kisichopungua inchi 42, takriban sentimita 107, na vya Vessel vilifika kifuani. Kisheria vilitosha. Lakini kimo hicho kimewekwa kumlinda mtu anayeteleza au kusukumwa kwa bahati mbaya. Hakikukusudiwa kumlinda mtu aliye katika saa mbaya ya maisha yake. Kisha ukubwa wa tatizo unatokana na umbo: vibaraza 80, kila kimoja wazi upande wa ndani na wa nje, ni ukingo mrefu ambao hakuna idadi ya walinzi inayoweza kuutazama wote. Tafiti za madaraja na minara zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kizuizi cha kweli huokoa maisha, kwa sababu wimbi la kukata tamaa mara nyingi hupita, na wengi waliozuiwa hawaendi kutafuta mahali pengine. San Francisco ilikamilisha wavu wa Golden Gate Januari 2024 kwa sababu hiyohiyo, baada ya familia kuudai kwa miongo.

Ndiyo maana hoja kwamba wavu wa 2024 umeharibu sanaa haina uzito. Wavu unaharibu picha kidogo. Kama ungechorwa tangu mwanzo, ungekuwa sehemu ya umbo na pengine usingeharibu chochote. Ulioongezwa baadaye siku zote huonekana kama kiraka.

Upande wa magharibi, ambako ruhusa ilihitajika

Nusu ya magharibi ya yadi bado haijafunikwa. Mpango wake ulipitishwa Desemba 2009 ukiruhusu nyumba za makazi zipatazo 5,700. Baadaye Related na Wynn Resorts walileta wazo la kasino yenye hoteli na mnara wa ofisi, na nyumba zikashuka hadi 1,500 hivi. Hapo mambo yakageuka, kwa sababu kubadili mpango wa matumizi ya ardhi ni lazima kupitia mlolongo wa kisheria wa jiji. Bodi ya jamii hupewa siku 60, rais wa eneo la Manhattan siku 30, tume ya mipango siku 60, kisha Baraza la Jiji siku 50. Bodi na rais hushauri tu. Uzito uko kwa tume na Baraza, na kwa desturi madiwani humsikiliza diwani wa eneo husika.

Wapinzani, wakiwamo wasimamizi wa bustani ya High Line inayolizunguka eneo hilo, hawakupoteza muda kubishana juu ya uzuri wa minara. Walishika hesabu ya nyumba: 5,700 zilizoahidiwa, 1,500 zilizoletwa. Waliongeza michoro ya vivuli na upana wa msingi wa kasino kando ya njia ya waenda kwa miguu. Mei 2025 Wynn wakajitoa, na mazungumzo na Baraza yakarudi kwenye makazi, safari hii hadi nyumba 4,000.

Bado si 5,700, na jukwaa la upande huo halijajengwa.